Sura ya Saba: Haki Iliyogeuzwa Hisani

Mtopanga, kama kwingineko Kisauni, Mombasa, kijana akifikisha miaka 18 huulizwa nyumbani kama ameshakwenda kwa chifu. Atakusanya cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na nakala za vitambulisho vya baba na mama. Mzee wa mtaa atathibitisha kuwa anamjua, chifu atatia muhuri, kisha atachukuliwa alama za vidole na kupewa karatasi ya kusubiri. Mwenye wazazi walioandikishwa zamani, wenye jina na kabila lisilomshtua karani, hungoja kwa muda na mwisho akapata kipande chake, yaani kitambulisho cha taifa. Maisha yakaendelea.

Lakini katika mtaa huo huo, ukuta kwa ukuta na kijana huyo, wapo ambao maswali yao hayaishi. Babu yako kazaliwa wapi? Nyanya yako alikuja lini, na kwa chombo gani? Mbona jina la tatu si la huku? Leta kitambulisho cha babu. Kama amekufa, leta cheti cha kifo. Kama hana cheti cha kifo, leta wazee wawili waliomzika. Akivileta vyote huambiwa arudi siku ambayo kamati itakaa. Pwani mambo haya tumeyaita kupigwa msasa, na kwa miaka mingi yamewaangukia zaidi Waislamu, watu wenye majina ya Kiarabu, Wapemba, Wabajuni, Wakomoro, Wasomali, Wanubi wa Kibera, na yeyote ambaye ukoo wake una mlango wa baharini.

Yafaa kuhesabu anachokosa mtu asiye na kipande, kwa sababu mwenye nacho hukisahau mfukoni. Hawezi kuandikisha laini ya simu kwa jina lake, na kwa hivyo pesa zake za simu zinakaa kwa jina la mwingine, ambaye wakikosana ndiye mwenye mali mbele ya kampuni. Hapati leseni ya bodaboda. Hafungui akaunti ya benki. Kazi ya kiwanda, ya hoteli na ya bandari zote zinaanza kwa nakala ya kitambulisho. Hapigi kura. Askari akimsimamisha usiku barabara ya Malindi, hana la kumwonyesha. Na katika Kisauni, ambako maelfu ya watu wamejenga juu ya ardhi ambayo hati zake ziko kwa wengine, siku serikali ikija kugawa hatimiliki, asiye na kitambulisho hataandikwa hata kama ndiye aliyekata mnazi wa kwanza kusafisha kiwanja.

Sura hii inahusu siasa ya kufungua na kufunga mlango wa uraia. Neno langu ni moja: Kenya ina njia ya uraia katika Katiba na katika sheria, lakini kwa wanyonge wa Pwani njia hiyo imefunguka tu pale Rais alipotaka ifunguke, kwa kabila zima, katika hadhara, na mara nyingi kura zikinukia. Haki ya mtu imegeuzwa hisani ya mkubwa. Hisani, hata ikiwa njema, haimtoshi mtu aliyesimama peke yake mbele ya dirisha la ofisi.

Waliotangulia dola

Ili kuelewa kwa nini swali la "umetoka wapi" linauma zaidi Pwani, turudi kabla ya 1963. Tangu 1895 ukanda wa maili kumi wa Mwambao ulitawaliwa na Waingereza kwa makubaliano na Sultani wa Zanzibar. Bara ya Kenya ilikuwa koloni, Mwambao ulikuwa himaya. Enzi ilibaki kwa Sultani, na bendera yake ilipepea Ngome ya Yesu. Mvuvi wa Pemba aliyefuata samaki hadi Shimoni au Kilifi katika miaka ya 1940 alikuwa anatoka sehemu moja ya milki ya Sultani kwenda sehemu nyingine ya milki hiyo hiyo. Hakuwa na hati ya kuvukia kwa sababu hakukuwa na aliyemdai. Aliyetoka Barawa na lahaja yake ya Chimiini, aliyetoka Ngazija na msahafu wake, walifika katika miji ambayo tayari ilikuwa na jamaa zao.

Wapo walioletwa na kazi. Wamakonde walitoka Msumbiji kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Pwani na miwa ya Ramisi, Kwale, wakiandikwa kazi chini ya serikali ya mkoloni. Wengine wakafuata baadaye wakikimbia vita vya ukombozi na vile vilivyokuja baada ya uhuru wa nchi yao. Wapo walioletwa na damu. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 familia za Pemba zilivuka kuja Kenya, na Januari 2001, baada ya polisi kuwafyatulia risasi waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF, zaidi ya watu 2,000 walitua Shimoni kwa mashua.

Hata jirani na Mtopanga historia hiyo iliwahi kuwa na mahema. Utange, upande huo huo wa Kisauni, ilikuwa na kambi ya wakimbizi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Somalia ilipovunjika. Kabla ya muongo kwisha serikali ilizifunga kambi za Pwani na kuwahamishia watu Dadaab na Kakuma. Si wote waliokwenda. Wengine walikuwa wameshaoa, wameolewa, wamezaa, na wengine walikuwa na jamaa hapa tangu zamani za Sultani. Watoto wa siku zile leo wana watoto wanaohitimu shule za Kisauni.

Tarehe 8 Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walitia sahihi mapatano yaliyoiweka Pwani ndani ya Kenya. Barua zile zilitaja dini, kadhi, ardhi na usomeshaji wa Kiarabu. Lakini miezi miwili baadaye kila mtu aliyekuwa Mwambao alipaswa kuwa raia wa mahali fulani, na hapo ndipo wengi walipoteleza.

Mlango uliofungwa taratibu

Katiba ya uhuru ilimfanya raia, siku ya 12 Desemba 1963, mtu aliyezaliwa Kenya akiwa chini ya ulinzi wa Uingereza, mradi mzazi wake mmoja naye awe amezaliwa Kenya. Waliokosa sharti la mzazi walipewa miaka miwili waombe kuandikishwa. Fikiria mvuvi au mkata mkonge wa wakati ule: asiyesoma gazeti, asiyejua kwamba kuna karatasi ya kujaza, anayemsikia chifu akisema sisi sote sasa ni huru. Miaka miwili ikapita. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemwandika.

Watoto wake walikuwa na kinga moja. Katiba hiyo ilisema anayezaliwa Kenya baada ya uhuru ni raia kwa kuzaliwa kwake, bila kuwatazama wazazi isipokuwa wachache kama mabalozi. Mwaka 1985 kinga hiyo iliondolewa. Maandishi mapya yalidai mzazi mmoja awe raia, na yakatamka kuwa yanamhusu kila aliyezaliwa baada ya tarehe 11 Desemba 1963. Kwa kalamu moja, mtu mzima wa miaka 21 aliyezaliwa Kwale akiwa raia aliweza kuambiwa kuwa hana dai tena, kwa sababu baba yake hakuandikishwa. Ukosefu wa karatasi ukawa urithi, kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu.

Miaka minne baadaye serikali iliwapiga msasa Wasomali wa Kenya nchi nzima na kuwapa kadi za ziada za kuthibitisha kwamba vitambulisho vyao ni vya kweli. Kutoka hapo mazoea ya kudai ushahidi wa pili, wa tatu na wa nne yalienea katika ofisi nyingi. Sheria ya Usajili wa Watu humruhusu afisa kudai uthibitisho zaidi. Haikumwambia awadai wa jina hili na kuwaacha wa jina lile. Sheria hiyo hiyo huagiza fomu iandikwe kabila au asili ya mtu, na hapo ndipo wengi walipokwama. Mmakonde hakuwamo katika orodha. Mpemba hakuwamo. Ikawa mtu azime kabila: huyu akajiandikisha Mdigo, yule Mgiriama, yule Mbajuni, mara nyingine kwa fadhili ya jirani na mara nyingine kwa kulipia. Mtu mkweli alilazimishwa kusema uongo kuhusu asili yake ili aandikwe mwananchi, kisha uongo huo ukabaki kuwa kamba shingoni ambayo mtu yeyote mwenye nia mbaya angeweza kuivuta.

Katiba ya 2010 ilikuja na lugha nyingine. Kifungu cha 12 kinasema kila raia ana haki ya pasipoti na hati za utambulisho. Kifungu cha 14 kinamfanya raia mtoto wa mama au baba Mkenya, popote alipozaliwa. Mtoto aliyeokotwa Kenya akionekana hajafika miaka minane, na wazazi wake hawajulikani, huchukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Kifungu cha 15 kinawapa njia waliooana na Wakenya kwa miaka saba na walioishi nchini kihalali kwa miaka saba mfululizo.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ikaenda mbele zaidi. Vifungu vyake vya 15, 16 na 17 viliwataja kwa mara ya kwanza watu wasio na uraia wa nchi yoyote, wahamiaji waliokuja kabla ya uhuru, na vizazi vyao. Masharti kwa mtu asiye na uraia yalikuwa ya haki: awe ameishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, ajue Kiswahili au lugha ya mahali, asiwe amehukumiwa kifungo cha miaka mitatu au zaidi, akusudie kukaa, aelewe haki na wajibu wa raia. Bibi wa Kipemba aliyezaa na kuzika Kisauni angeyatimiza yote bila kuinuka kwenye mkeka.

Kasoro ilikuwa saa. Sheria ilitoa miaka mitano tangu Agosti 2011, na ikamruhusu waziri kuongeza mitatu tu. Kwa hesabu hiyo muda wa mwisho kabisa ulikuwa Agosti 2019. Kosa la 1963 likarudiwa: dirisha la muda mfupi kwa watu ambao habari huwafikia mwisho.

Miguu, hadhara na tangazo

Wamakonde waliufungua mlango kwa miguu. Oktoba 2016 mamia yao walifunga safari kutoka Kwale kwenda Ikulu ya Nairobi, pamoja na wanaharakati waliosimama nao. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akakiri kuwa wamecheleweshewa mno, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba. Mwaka uliofuata walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Furaha ya Makongeni, Kwale, siku zile ilikuwa ya haki kabisa: mtu wa miaka 70 akishika kwa mara ya kwanza karatasi inayosema yeye ni wa hapa.

Desemba 2020, katika sherehe za Jamhuri, Rais huyo huyo alitangaza uraia kwa Washona 1,670, ambao wazee wao walikuja kutoka Rhodesia kama wahubiri kuanzia 1959, na kwa watu 1,300 wa asili ya Rwanda. Ikaja zamu ya Wapemba. Julai 2023 Rais William Ruto aliwakabidhi vitambulisho huko Kilifi, baada ya miaka ya kuhangaika ambapo mvuvi wa Kipemba alishindwa kupata leseni ya uvuvi na kulazimika kuuza samaki wake kwa jina la mwenye kipande. Februari 2025, akiwa Wajir, Ruto alitia sahihi tangazo la kukomesha msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mipakani.

Ninayaandika haya kwa shukrani. Kila tangazo kati ya hayo lilitibu jeraha la kweli. Lakini tazama yanavyofanana. Kwanza, mtu haombi kama mtu, huomba kama kabila: asiye na jamii kubwa ya kuandamana naye, mjukuu wa Mkomoro mmoja aliyeoa Mrabai mmoja, hana hadhara ya kuitiwa. Pili, mlango hufunguliwa na Rais, wala si na karani ambaye sheria ilimtaka aufungue tangu mwanzo. Tatu, kalenda. Wamakonde waliitikiwa Oktoba 2016, na uchaguzi ulikuwa Agosti 2017. Sisemi kuwa nia ilikuwa kura peke yake. Nasema kwamba kipande ndicho tikiti ya kura, na kila mwanasiasa wa Pwani anajua hivyo. Anayetarajia kura za wapya huwaita ndugu. Anayeziogopa huwaita wageni walioletwa kuiba uchaguzi. Pande zote mbili humtazama mtu yule yule na kuona kura.

Na lililotolewa kwa neno la mkubwa hutikisika kwa neno la mkubwa mwingine. Marekani imeonyesha hili wazi. Mwaka 1986 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyowapa watu wapatao milioni 2.7 makao halali, wengi wao kwa sharti la kuthibitisha kuwa wapo nchini tangu kabla ya Januari 1982. Mtu alikwenda na risiti zake za kodi ya nyumba na barua za mwajiri, akaomba kwa jina lake, na alichopata hakikupokonywa. Mwaka 2012 Rais Barack Obama, Bunge likiwa limeshindwa kukubaliana, aliwalinda kwa agizo vijana walioletwa wakiwa watoto. Tangu hapo vijana hao wameishi kwa kufanya upya karatasi zao na kungoja hukumu za mahakama.

Karibu na sisi, Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 zaidi ya 162,000. Ni tendo la ukarimu ambalo mataifa tajiri hayajalifikia. Lakini hata hapo watu waliomba mwaka 2008, wakakubaliwa, kisha vyeti vikazuiwa kwa miaka wakati wakubwa wakibishana kama lazima kwanza wahamishwe kutoka vijiji walivyovijenga. Vilianza kutolewa Oktoba 2014. Mwombaji aliyekwishakubaliwa aliishi miaka hiyo yote bila nchi mbili: ile aliyoikana na ile iliyokuwa haijampa cheti.

Hofu ya mwenyeji

Wapo majirani zetu wema wanaoupinga mlango huu, na hoja zao zinastahili kujibiwa kwa heshima. Wa kwanza husema usalama. Kenya imezika watu wa ubalozi wa Marekani mwaka 1998, wa Westgate mwaka 2013, wanafunzi wa Garissa mwaka 2015. Hofu hiyo si ya kubuni. Lakini aliyeandikishwa, mwenye alama za vidole na anwani, ndiye serikali inayemjua. Asiyeandikishwa ndiye asiyeonekana. Na msasa unaoendeshwa na kamati bila maandishi ni soko: mwenye pesa hupita, na ajuza asiye na nauli ya kurudi mara ya nne hubaki nje. Ukaguzi unaomzuia maskini mkweli na kumpitisha mwovu mwenye fedha haumlindi mtu.

Wa pili husema ardhi na kazi. Hoja hii ina mizizi mirefu Pwani, kwa sababu mwenyeji wa hapa amejiona akinyang'anywa na wenye karatasi tangu ukoloni. Lakini tunajua pia siasa ya mwenyeji na mgeni inavyoishia. Agosti 1997, Likoni, vijana walichochewa dhidi ya watu wa bara, wakavamia kituo cha polisi, wakaua na kuchoma nyumba. Zaidi ya watu 100 walikufa na makumi ya maelfu wakakimbia. Waliofukuzwa walikuwa na vitambulisho vya Kenya mifukoni. Anayekubali leo kwamba Mpemba wa Kisauni aulizwe asili yake hadi kizazi cha tatu, anakubali kanuni ambayo kesho itamgeukia Mkamba wa Kisauni, Mjaluo wa Changamwe, na Mgiriama aliyehamia Lamu. Dhuluma ya ardhi ya Pwani ilifanywa na wenye nguvu na sahihi zao. Haitarekebishwa kwa kumnyima karatasi mchuuzi wa viazi karai.

Yapasa kufanywa nini

Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi liliwahi kukadiria kuwa Kenya ina watu takriban 18,500 wasio na uraia wa nchi yoyote. Ni idadi ambayo ingekaa uwanja mmoja wa mpira. Nchi yetu haishindwi nao. Inashindwa na mazoea yake.

Bunge lifute ukomo wa miaka katika vifungu vya 15, 16 na 17 vya sheria ya 2011, ili aliyekosa tangazo la 2016 aweze kuomba leo na mjukuu wake aweze kuomba kesho. Ushahidi wa kuishi upokewe kama watu walivyoishi: kadi ya kliniki, rejista ya madrasa na ya shule, kitabu cha ndoa cha kadhi, kiapo cha jirani.

Safu ya kabila iondoke katika fomu ya kitambulisho. Kabila ni mali ya mtu na ukoo wake, na serikali haina haja ya kulijua ili kumtambua raia. Safu hiyo ikiondoka, hapatahitajika tena Rais kutangaza kabila la 43, la 44 au la 50 ili mtoto aandikwe.

Kila anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Hili halihitaji sheria mpya. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo yeyote anayeumizwa na uamuzi wa ofisi ya serikali. Neno "rudi wiki ijayo" haliwezi kukatiwa rufaa. Karatasi yenye tarehe, sababu na sahihi ya afisa inaweza kupelekwa mahakamani Mombasa, na mashirika ya msaada wa sheria yana mawakili wa kuibeba.

Na kila mtoto anayezaliwa, hospitalini au mikononi mwa mkunga wa mtaani, aandikwe kuzaliwa kwake bila mama kuulizwa kipande kwanza. Cheti cha kuzaliwa hakimpi mtu uraia, lakini bila hicho hana pa kuanzia kuudai. Mtoto asiyeandikwa leo ndiye mtu mzima atakayeandamana miaka 30 ijayo.

Msomaji wa Mtopanga ana kazi yake pia, wala haingoji Bunge. Jirani akikuomba ukamshuhudie kwa chifu, nenda. Mgombea akija kuomba kura akiahidi vipande, muulize atapigia kura marekebisho gani ya sheria, na lini, kisha umfuate kwa jibu hilo. Tukiomba hisani tutapewa hisani, msimu hadi msimu. Tukidai sheria, kijana wa Kisauni atakwenda dirishani na karatasi zake, ataitwa kwa jina lake mwenyewe, na atajibiwa kama raia anavyostahili kujibiwa, awe nani Rais wa siku hiyo.